Samaki Gani Wakae Pamoja?

Ukitaka kufuga samaki wa baharini kwenye tangi la kioo, usichague rangi tu. Chewa akiwa mdogo anapendeza, lakini kinachoenea mdomoni mwake atakimeza, hata jirani yake. Kikande naye ni mgomvi, anauma kweli kweli.

Mimi ningeanza na wale wadogo wa rangi ya chungwa wenye mistari myeupe. Watie wawili, mmoja mkubwa kuliko mwenzake. Wote huanza wakiwa madume, kisha yule mkubwa hugeuka jike! (Mwalimu wa Bayolojia atanithibitishia.)

Samaki anayelinda kwake atiwe mwisho, wenziwe wakishajua pa kujificha. Akitangulia yeye, basi tangi zima atalifanya shamba lake na kila mgeni atafukuzwa.