Kwa nini ramani za intaneti huzidiwa zinapohitajika zaidi

Na Mwandishi Wetu

JUNI 23, 2006, aliyekuwa Rais wa Ufaransa, Jacques Chirac, alizindua tovuti ya Géoportail, iliyokusudiwa kumwezesha kila raia kuitazama nchi yake kwa ramani na kwa picha zilizopigwa kutoka angani. Wananchi waliitikia kwa wingi kiasi kwamba tovuti ilielemewa, na wengi walioijaribu hawakuona chochote.

Tukio hilo linaeleza tatizo linalozikabili taasisi nyingi zenye ramani kwenye intaneti, ziwe mamlaka za maji, mashirika ya umeme, halmashauri za miji au vikosi vya uokoaji. Ramani hufunguka vizuri siku za kawaida, inapotazamwa na watumishi wachache, lakini hukwama siku ya dharura, maelfu ya watu wanapoihitaji kwa wakati mmoja.

Dawa inayokimbiliwa mara nyingi ni kununua kompyuta kubwa zaidi. Hata hivyo, mara nyingi chanzo cha tatizo si udogo wa mtambo, bali ni namna kazi yenyewe ilivyopangwa.

Kazi inayorudiwa bure

Katika utaratibu wa zamani, kila mtumiaji anaposogeza ramani, seva hupokea ombi jipya. Hulazimika kutafuta barabara, mito na majengo katika hifadhidata, kuvichora, kuvigeuza kuwa picha na kuituma. Watu 100 wakitazama eneo la Kariakoo, eneo lile lile huchorwa mara 100, kwa kuwa kila mmoja ameomba kipande kinachotofautiana kidogo na cha mwenzake.

Njia iliyoenea baada ya Google kuzindua huduma yake ya ramani Februari 2005 ni kuikata ramani katika vipande vidogo vya mraba, mithili ya vigae vya sakafu. Kwa kawaida, kila kigae kina pikseli 256 kwa 256 na anwani yake isiyobadilika. Skrini yenye pikseli 1280 kwa 1024 hujazwa na vigae 20 hivi.

Ni kweli kwamba maombi 20 ni mengi kuliko moja. Lakini kigae kilichokwisha kuchorwa hakihitaji hesabu yoyote. Seva hulichukua faili na kulikabidhi tu. Na kwa kuwa anwani ni ile ile kwa kila mtu, kigae kimoja huweza kuwatosheleza watazamaji wote wa eneo hilo.

Ugumu unajitokeza katika idadi. Dunia nzima ikionyeshwa kwa mbali kabisa hutosha katika kigae kimoja, lakini kila mtazamaji anaposogea karibu kwa ngazi moja, idadi huongezeka mara nne. Ngazi ya 10 ina vigae 1,048,576, na ngazi ya 18, ambapo nyumba huonekana mojamoja, ina vigae zaidi ya bilioni 68. Kama kila kimoja kingechukua kilobaiti 10, ngazi hiyo pekee ingehitaji karibu terabaiti 687.

Kwa bahati nzuri, sehemu kubwa ya vigae hivyo ni bahari, jangwa na misitu ambayo hakuna anayeiomba. Kwa sababu hiyo, busara ni kuchora mapema ngazi za mbali na maeneo ya miji, kisha kuchora vingine vinapoombwa kwa mara ya kwanza na kuviweka akiba. Barabara mpya inapoingizwa, hufutwa vigae vinavyoihusu tu. Taasisi inayopuuza hatua hiyo itakuwa na ramani ya kasi lakini ya uongo.

Vilevile hifadhidata huhitaji faharasa ya kijiografia, ili anayetafuta mabomba ya mtaa mmoja asilazimike kupekua ya mji mzima. Na mtu anayeitazama nchi nzima hana haja ya kupelekewa kila kona ya kila mto. Umbo lililorahisishwa linamtosha.

Kugawana mzigo

Hatua inayofuata ni kueneza nakala kwenye seva nyingi, zikiwamo zilizo karibu na watumiaji. Umuhimu wake ulidhihirika mwaka 2020, pale ramani ya maambukizi ya Covid-19 ya Chuo Kikuu cha Johns Hopkins cha Marekani, iliyozinduliwa Januari 22 mwaka huo, ilipopokea zaidi ya maombi bilioni moja kwa siku. Takwimu za namna hiyo hubadilika mara chache lakini husomwa mara nyingi sana, hivyo jibu lililoandaliwa mara moja huweza kugawiwa kwa mamilioni ya watu.

Mifumo mingi ya sasa hutuma vigae vyenye mistari na nukta badala ya picha, na simu au kompyuta ya mtumiaji ndiyo inayochora. Seva hupumua, lakini mzigo humhamia mtumiaji, na simu ya bei nafuu huweza kushindwa. Taasisi inayowahudumia wananchi wa kipato cha chini haina budi kubakiza na ramani ya picha.

Kwa wakazi wa Dar es Salaam, suala hili haliko mbali. Tangu mwaka 2015, mradi wa Ramani Huria umewashirikisha wanafunzi wa vyuo vikuu na wananchi katika kuchora mitaa, mifereji na maeneo yanayofurika, baada ya jiji kuonja machungu ya mafuriko, yakiwamo ya Desemba 2011. Juhudi hiyo haitamfaa mkazi wa Tandale au Jangwani iwapo ramani itagoma kufunguka usiku wa mvua kubwa.

Kwa hiyo, kipimo cha kweli hakipatikani siku ya uzinduzi. Kabla mvua hazijaanza, mfumo unapaswa kujaribiwa kwa maombi mengi ya kuigiza, ili ijulikane ni sehemu gani itakayozidiwa kwanza: hifadhidata, uchoraji au njia ya mawasiliano. Anayenunua mtambo mpya kabla ya kupata jibu hilo huenda akatumia fedha nyingi kuimarisha sehemu ambayo haikuwa na udhaifu.