Mtoto wa Mbwa Anapokataa Kula

Mtoto wa mbwa aliyetengwa na mama yake asubuhi na kufikishwa katika nyumba mpya jioni, mara nyingi hulala na njaa. Wenye nyumba wengine humwona mkaidi wakamkemea. Wengine humshika kinywa na kummiminia maziwa kwa kijiko, ambayo huweza kumpalia yakaingia mapafuni. Kumbe ameondolewa tu katika joto la ndugu zake. Yafaa anayekwenda kumchukua aulize alikuwa akilishwa nini, ampe hicho hicho siku za kwanza, kisha akibadilishe kidogo kidogo kwa muda wa juma moja.

Umri nao uulizwe. Mtoto wa mbwa huanza kulamba chakula laini afikapo majuma 3 au 4, wala haifai kumtenga na mama yake kabla ya majuma 8. Aliyechukuliwa mapema mno huenda hakatai kula, bali hajui kula. Huyo apewe chakula laini kilicholowekwa katika mchuzi wa nyama usio na chumvi wala kitunguu, kikiwa vuguvugu, mara 4 kwa siku. Maziwa ya ng'ombe huwaharisha wengi wao.

Lakini joto hutangulia chakula. Mtoto wa mbwa aliyeshikwa na baridi, tumbo lake halisagi kitu, na kumlisha katika hali hiyo ni kumdhuru. Afunikwe blanketi, awekewe kando chupa ya maji ya moto iliyoviringishwa kitambaa, apate joto polepole, ndipo alishwe.

Kukosa mlo mmoja si neno, maadamu anacheza. Kutwa nzima bila kula ni hatari kwa mdogo kama huyo, kwani akiba ya mwili wake ni haba na sukari ya damu hushuka upesi. Akilegea, akitapika au akihara damu, asingojewe hadi kesho, apelekwe kwa daktari wa mifugo. Huenda ni parvo, maradhi ya virusi yaliyotambuliwa mwaka 1978, ambayo chanjo yake huanza kutolewa kati ya majuma 6 na 8. Aliyekonda huku tumbo limevimba, aghalabu ana minyoo. Wengi huipata wakiwa bado tumboni mwa mama yao.

Lipo jambo zito zaidi, hasa katika kota za askari, ambako mtoto mmoja wa mbwa huchezewa na watoto wa nyumba nyingi. Akikataa chakula huku mate yakimtoka, taya imelegea au sauti imebadilika, asidhaniwe amekwamwa na mfupa. Mtu asitie kidole kinywani mwake kuutafuta, kwani huenda ni kichaa cha mbwa, na dalili zake zikishamtokea binadamu, ni nadra mno kupona. Mbwa huyo afungiwe peke yake na ofisi ya mifugo ijulishwe. Aliyeumwa, au aliyelambwa penye mchubuko, aoshe mahali hapo kwa sabuni na maji mengi kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo akachanjwe, hata kama jeraha ni la ukucha tu.