Soksi za kubana: faida iko kwenye futi kamba

Ingia famasi nyingi za Dar es Salaam uulize soksi za kubana, utaulizwa swali moja tu: "Midiamu au laji?" Mhudumu anautupia mguu jicho kutoka ng'ambo ya kaunta, anashusha boksi, anataja bei. Dakika tatu, biashara imekwisha. Wiki mbili baadaye soksi zile zimelala chini ya kabati, miguu inajaa kama zamani, na mwenye miguu anawaambia wenzake kazini kwamba soksi hizo ni utapeli.

Wateja wa bidhaa hii si wachache. Wamo walimu na wauguzi wanaosimama kutwa nzima, walinzi wa getini, wasusi, makeshia, wajawazito, watu wenye varicose (mishipa ya miguu iliyovimba), waliotoka upasuaji, wasafiri wa ndege za masafa marefu, na huku pwani wamo pia wenye matende. Na soksi ya kubana haikai milele. Mpira wake unalegea baada ya miezi mitatu hadi sita ya kuvaliwa kila siku na kufuliwa, na mvaaji anahitaji jozi mbili ili moja ikauke huku nyingine iko mguuni. Hesabu yake ni jozi nne kwa mwaka, kwa mteja mmoja, bila kupungua. Ukiacha dawa za sukari na za presha, ni vitu vichache kauntani vinavyomrudisha mteja kwa uhakika namna hiyo. Sharti ni moja tu: awe anazivaa.

Wafanyabiashara wenyewe wanalalamika, na lalamiko lao halianzii kwa mteja, linaanzia bandarini. Mwagizaji mmoja wa jumla wa Kariakoo, aliyeomba jina lake lisiandikwe, anafungua daftari la kurasa za mraba na kupiga hesabu yake mbele ya mwandishi. Soksi za chini ya goti na za hadi pajani: aina mbili. Nguvu ya kubana, ya kati na ya juu: mbili. Saizi tano. Urefu wa mguu, mfupi na wa kawaida: mbili. Zenye vidole wazi na zilizofungwa: mbili. Anazidisha, anapigia mstari. Ni maboksi 80, jozi moja kila boksi, kabla hajagusa habari ya rangi. Na mwenye kiwanda huko nje hauzi jozi moja moja.

"Famasi inataka maboksi 10," anasema. "Midiamu matano, laji matano, tena mali kauli. Hayo mengine 70 anayanunua nani?"

Anaonyesha rafu ya juu, chini tu ya bati la paa, ambako saizi ndogo na saizi kubwa kupita zote zimekaa tangu mzigo wa mwaka juzi. Mtaji umelala, na pale juu kuna joto ambalo mpira wa soksi haulipendi. Anajua kwamba baadhi ya maboksi hayo, akija kuyauza, yatakuwa yamepungua nguvu. Anajua pia kwamba mteja wa saizi hizo yupo mahali fulani mjini, amevaa midiamu inayomkata chini ya goti, kwa sababu hakuna aliyempima.

Kisha anaingia kwenye kodi, na hapo sauti yake inapanda. Kitabu cha forodha kinachotumika duniani kote kimeiweka soksi hii katika sura ya 61, sura ya nguo za kufuma, kifungu namba 6115.10, na kifungu hicho kinazitaja waziwazi soksi za mgandamizo kama zile za wenye varicose. Sura ya 90, iliko sehemu kubwa ya vifaa vya tiba, iko mbali nayo. Kwa hiyo akienda kusajili bidhaa, anasema, anaambiwa ni kifaa tiba, alete nyaraka za kiwanda na vyeti vya ubora. Akifika forodhani anaambiwa ni nguo. "Nagharamia pande zote mbili," anasema. Tangu Julai 2022 Jumuiya ya Afrika Mashariki ina kiwango cha juu cha ushuru cha asilimia 35, kilichowekwa kulinda bidhaa zinazotengenezwa kwetu, vitambaa na mavazi vikiwamo. Yeye anauliza analindwa nani hapa, maana hajawahi kusikia kiwanda cha ukanda huu kinachofuma soksi za kubana. Kila mzigo, kwa maneno yake, ni mjadala mpya na ofisa mpya.

Ofisa mmoja anayefahamu usimamizi wa vifaa tiba anayaona mambo kwa wepesi zaidi. Kwa maelezo yake, mwenye nyaraka kamili anahudumiwa kwa wakati, famasi zote zinasimamiwa na wataalamu, na bidhaa zisizosajiliwa zimebanwa. La kwanza tumwachie yeye na waagizaji. La pili, aliyewahi kuingia famasi saa mbili usiku anajua ni mara ngapi humkuta mfamasia mwenyewe. La tatu ni gumu kumeza ukiwa umesimama kwenye mitaa ya Kariakoo, ambako soksi za kubana zinaning'inia pamoja na mikanda ya kupunguza tumbo, hazina namba hata moja kwenye boksi, zina picha tu ya mguu mwembamba. Mtandaoni ni hivyo hivyo: unatuma saizi ya kiatu kwa ujumbe wa simu, bodaboda anakuletea mlangoni. Saizi ya kiatu haisemi lolote kuhusu unene wa kifundo wala wa shavu la mguu.

Namba yenyewe ndiyo kiini cha bidhaa. Nguvu ya soksi hupimwa kwa milimita za zebaki, kipimo kile kile cha presha ya damu, na hukazwa zaidi kifundoni kisha kupungua kadiri inavyopanda, ili damu isukumwe kurudi juu. Hapo kuna mtego ambao hata wauzaji wazoefu wananaswa. Boksi lililoandikwa daraja la pili, likitoka Uingereza, lina maana ya milimita 18 hadi 24. Likitoka Ujerumani ni 23 hadi 32. Likitoka Ufaransa ni 15 hadi 20. Mteja aliyezoea soksi za Kifaransa akiuziwa za Kijerumani kwa kufuata daraja tu, atakuwa amepandishiwa dozi bila daktari kujua. Mfamasia hauzi dawa kwa kuangalia rangi ya kidonge. Na hapa asome milimita, si daraja.

Jina nalo linaleta shida. Wapo wanaoziita soksi za presha, na mfamasia mmoja wa Temeke anasema amewahi kufuatwa na mzee aliyetaka kuzivaa ili aache vidonge vya presha. Ilibidi amkalishe chini na kumweleza taratibu kwamba presha inayosemwa ni ya soksi kwenye mguu, haihusiani na ile iliyomo ndani ya mishipa yake.

Kwa mfamasia huyo ndiko nilikoiona biashara hii ikifanywa inavyotakiwa. Wateja wa soksi anawaita asubuhi, saa moja na nusu, kabla miguu haijaanza kujaa. Nyuma ya rafu ana kigoda, futi kamba ya fundi cherehani na kadi ngumu. Anaamkia, anamwomba mama mmoja aliyefika asimame wima, anapima pale pembamba kabisa juu ya kifundo, kisha panene kabisa kwenye shavu la mguu, kisha kutoka sakafuni hadi kwenye mkunjo wa nyuma ya goti. Anarudia mguu wa pili, kwa kuwa miguu ya mtu mmoja hailingani siku zote. Anaandika kwenye kadi: vipimo, tarehe, namba ya simu. Ndipo anapiga simu kwa muuzaji wa jumla kuulizia boksi. Dukani kwake kuna soksi chache tu. Alichojaza ni kadi.

Boksi likifika, mama anarudi kujifunza kuvaa. Soksi inageuzwa nje ndani mpaka kisigino, mguu unaingizwa, kisigino kinakaa mahali pake, halafu inapandishwa kidogo kidogo kwa viganja, si kwa kucha, mikono ikiwa ndani ya glavu za mpira za kuoshea vyombo. Pete zinavuliwa. Mguu uwe mkavu, na poda kidogo inasaidia. Ikibaki ndefu isikunjwe juu, maana mkunjo unabana maradufu na kuwa kamba. Mara ya kwanza mama alihangaika mpaka jasho likamtoka. Mara ya tatu akaivaa mwenyewe, akatembea mpaka mlangoni na kurudi. Mfamasia akamwambia, "Mama, nitakupigia Jumatano ijayo uniambie inakubana wapi." Simu hiyo ndiyo inayoamua kama soksi itavaliwa au italala kabatini.

Kuna maswali ambayo boksi la Ulaya halina majibu yake. Joto la Dar es Salaam ni moja: kwa wengi, soksi ya vidole wazi na ndala inavumilika kuliko ya kufunga mguu mzima. La pili ni udhu. Mteja Mwislamu anayelazimika kuvua na kuvaa soksi ngumu mara tano kwa siku ataiacha kabla wiki haijaisha, na kwa haya hatasema sababu. Mfamasia mwenye busara anamuuliza siku ya kwanza, na kumshauri apeleke suala la kupangusa juu ya soksi kwa sheikh wake, akiwa na maelezo ya daktari kwa nini anatakiwa kukaa nazo kutwa. Mfamasia hatoi fatwa, lakini kwa kuuliza tu amemzuia mteja asipotee kimya kimya.

Lipo jambo la hatari zaidi. Soksi inayofaa mshipa unaorudisha damu inaweza kuudhuru mguu ambao mishipa ya kupeleka damu imeziba. Mzee anayeumwa shavu la mguu akitembea na kupata nafuu akisimama, mguu ulio baridi, kidonda cha kidole kisichopona, mgonjwa wa sukari ambaye nyayo zimekufa ganzi: hao wasiuziwe, wapelekwe hospitali kupimwa mtiririko wa damu kwanza. Mguu mmoja uliovimba ghafla, una joto na maumivu, ni wa kupelekwa siku hiyo hiyo, kwa hofu ya damu kuganda. Miguu yote miwili kujaa pamoja na kukosa pumzi kunaweza kuwa moyo. Baada ya kuuza pia, uangalizi unaendelea: vitabu vingi vinasema tazama wekundu, lakini kwenye ngozi nyeusi wekundu hujificha, kwa hiyo shika uone joto, bonyeza kucha uone damu inarudi, muulize kuhusu ganzi. Na zile soksi nyeupe za wodini zimetengenezwa kwa ajili ya mtu aliyelala kitandani. Anayezivaa nyumbani na kutembea nazo kama tiba ya varicose hajaelezwa.

Ushahidi wenyewe hauko upande mmoja, na wauzaji wa mtandaoni hawasemi hivyo. Kwa vidonda vya miguu vitokanavyo na mishipa inayorudisha damu, utafiti wa Uingereza wa mwaka 2014 wenye watu 457 ulionyesha soksi za tabaka mbili zikiponya kwa muda karibu ule ule wa bandeji za tabaka nne. Kwa ndege za masafa marefu, tafiti zilizojumuisha wasafiri 2,637 zilikuta damu imeganda bila dalili kwa watu 50, na 47 kati yao hawakuvaa soksi. Lakini kwa waliokwisha kuganda damu mguuni, utafiti wa Kanada na Marekani wa mwaka huo huo wa 2014, wenye wagonjwa 806, haukuona soksi zikizuia madhara ya baadaye zaidi ya soksi za kuigiza. Anayeuza kwa kuahidi kila kitu anaivunjia bidhaa heshima yake.

Nani atalipia ile nusu saa ya kigoda na futi kamba? Hilo halijajibiwa. Mfamasia wa Temeke anaifunga gharama yake ndani ya bei ya soksi, kisha mteja anailinganisha na bei ya mtandaoni na kumwona mlanguzi. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 imewapa wengi tumaini, ila tumaini hilo halijaonekana kwenye kaunta yake. Huenda waagizaji wakapata unafuu forodhani. Huenda wakazidi kubanwa na wanaouza soksi zisizo na namba. Mwagizaji wa Kariakoo anasema mzigo ujao ataleta midiamu na laji tu, na akifanya hivyo wenye miguu minene na wenye miguu membamba watazidi kukosa.

Msomaji unayehitaji soksi hizi, nenda famasi asubuhi, ukiwa na cheti cha daktari kama unacho, na uvae nguo inayopandishika mpaka gotini. Muombe mfamasia akupime miguu yote miwili na akuandikie vipimo. Asiyekuwa na futi kamba, usinunue kwake.