Alikwenda Mombasa kutembea, akakuta kontena la mama yake

Na Mwandishi Wetu, Mombasa

WAFANYABIASHARA wengi wa Kampala, Kigali na Juba wanaijua Mombasa kwa karatasi tu. Wanaijua kwa hati ya shehena, kwa simu ya wakala wa forodha na kwa ankara ya kuhifadhi kontena. Wachache wamewahi kufika ukingoni mwa bahari wakaiona meli yenyewe ikiingia.

Mwezi uliopita kijana mmoja anayesoma uhandisi wa ujenzi, mwaka wa tatu, katika chuo kikuu kimoja cha Kampala, alitumia likizo yake kuja kuitazama. Alikuja kutembea: aione bahari kwa mara ya kwanza, apige picha, ale samaki. Lakini mama yake ana duka la vyombo vya nyumbani pale Kikuubo, na wiki hiyohiyo kontena alilochangia na wenzake watatu lilikuwa bandarini. Matembezi yakageuka kazi. Ameomba jina lake lisitajwe kwa kuwa mama yake bado anafanya biashara na watu wanaohusika.

Kitambulisho mfukoni

Alivuka Busia usiku kwa basi, bila pasipoti. Uganda, Kenya na Rwanda zilianza mwaka 2014 kuruhusu raia wao kuvuka kwa kitambulisho cha taifa. Kwenye kituo cha pamoja cha mpakani, kilichozinduliwa rasmi 2018, alipanga foleni katika jengo moja tu, upande wa nchi anayoingia, maofisa wa nchi zote mbili wakiwa humo humo.

Kutoka Nairobi alipanda treni ya reli ya kisasa, iliyoanza kubeba abiria 2017. Hapo uhandisi ukaanza kumsumbua. Reli hiyo ina upana wa milimita 1,435. Ile ya zamani, ambayo Waingereza walianza kuijenga kutoka Mombasa mwaka 1896, ina milimita 1,000. Behewa moja haliwezi kupita kwenye zote mbili. Reli mpya ilifika Naivasha mwaka 2019. Kontena lililokuja nayo likitaka kuendelea hadi Malaba, linyanyuliwe kwa winchi lipakiwe kwenye treni ya zamani, au lipande lori. Darasani, anasema, hiyo ni tofauti ya milimita 435. Dukani kwa mama yake ni siku na shilingi.

Kisiwa na milango yake

Treni ya abiria inaishia Miritini, nje ya kisiwa. Mgeni husahau kuwa Mombasa mjini ni kisiwa mpaka atake kutoka. Kaskazini unavuka kwa Daraja la Nyali, magharibi kwa Makupa, kusini kwa kivuko cha Likoni.

Pale Makupa alikaa muda mrefu. Kwa miaka mingi barabara ilipita juu ya tuta lililojazwa baharini, likazuia maji ya mkono wa bahari kupita. Mwaka 2022 daraja jipya lilifunguliwa na maji yakarudi kupita chini. Picha alizopiga hapo ni nyingi kuliko za Fort Jesus.

Hata hivyo ngome nayo aliiona. Wareno walianza kuijenga 1593 kwa mawe ya matumbawe. Waomani wakaitwaa 1698 baada ya kuizingira kwa karibu miaka mitatu. Tangu 2011 imo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO. Kijana aliona kwamba mabishano yote yale yalikuwa juu ya jambo ambalo wafanyabiashara wa leo wanalijua vizuri: anayeshika mlango wa bandari ndiye anayepanga nani aingie na alipe nini.

Nje ya ngome, Mji wa Kale, alimwamkia mzee muuza kahawa kwa "jambo". Mzee akamwambia kwa upole: mwanangu, mtu wa umri wangu huamkiwa shikamoo. Kijana akarekebisha, akapewa kahawa chungu na kashata, na maelekezo ya njia ambayo ramani ya simu haikuwa nayo. Baraza la mawaziri la Uganda lilipitisha Kiswahili kuwa lugha rasmi mwaka 2022, lakini chenye faida sokoni ni kile unachokitamka mwenyewe.

Kilindini

Jioni alikwenda bustani ya Mama Ngina, pale ambapo meli hupita karibu na nchi kavu kuelekea bandarini. Jina Kilindini linatokana na kilindi, maji ya kina kirefu, na ndiyo sababu meli kubwa zinaweza kuingia. Alipiga picha ya meli iliyojaa makontena, akamtumia mama yake. Mama hakuisifu picha. Aliuliza swali moja: langu liko wapi?

Wakala wao alikuwa amewaambia meli imechelewa. Kesho yake kijana alikwenda ofisini kwake akiwa na nakala ya hati ya shehena, akauliza jina la meli na tarehe iliyotia nanga. Ikabainika kuwa meli ilikuwa imeshapakua na kuondoka. Kilichokwama ni kodi. Katika utaratibu wa himaya moja ya forodha, mzigo wa Uganda hutangazwa na kulipiwa kodi Uganda wakati ungali Mombasa. Ukishalipiwa ndipo unaruhusiwa kutoka na kufungwa kufuli la kielektroniki la kuufuatilia njiani. Wenzake watatu walikuwa wameleta fedha zao. Mmoja alikuwa bado, na kontena haliwezi kutoka robo tatu.

Wale watatu walimkopesha mwenzao, kodi ikalipwa. Lakini siku za bure zilikuwa zimeisha. Wakalipia siku tatu za kuhifadhi, wakagawana wote wanne. Kontena tupu nalo lilitakiwa kurudishwa kwa wenye meli kwa wakati, la sivyo wangelipia tena.

Leso za mama

Kabla ya kuondoka alipita Biashara Street kumnunulia mama yake leso. Bei ilimvutia, akawaza kubeba bunda zima akauze Kampala kama mzigo mdogo. Muuzaji mmoja alimtahadharisha. Utaratibu rahisi wa biashara wa Afrika Mashariki, kwa mzigo usiozidi dola 2,000, unasamehe ushuru wa forodha kwa bidhaa zilizotengenezwa ndani ya jumuiya na zilizomo kwenye orodha iliyokubaliwa. Leso iliyotengenezwa India haiwi ya Kenya kwa sababu imenunuliwa Mombasa. Na hata iliyo ya Kenya, msamaha huo haufuti kodi za ndani kama VAT. Akanunua jozi mbili.

Kwa wasomaji wetu wanaochangia makontena, safari ya kijana huyu ina masomo ya bure. Usiridhike na neno "imechelewa"; omba jina la meli, namba ya kontena na tarehe ya kupakua. Andikianeni makubaliano kabla ya kuagiza, yaseme nani atalipa siku za ziada iwapo mmoja atachelewa. Na anayetumwa Mombasa, hata kama ni mtoto aliye likizo, apewe nakala za hati mkononi.

Vyombo vimefika Kikuubo. Mama yake amewapa wenzake sharti moja kwa kontena lijalo: kila mtu aweke kodi yake mezani kabla meli haijatia nanga.