Mafuriko ya Rufiji na Hesabu ya Fedha za Umma

Kila Mto Rufiji unapofurika huulizwa swali moja katika vijiji vya Rufiji na Kibiti, nalo ni swali la haki: fedha za kuwasaidia watu hutoka wapi, hupita katika mikono ya nani, na ni nani anayepaswa kuwatolea wananchi hesabu yake? Wengine huuliza kwa hasira, wengine kwa kunong'ona barazani. Twaona ni heri liulizwe wazi na lijibiwe wazi. Na kwa kuwa walimu na wenyeviti wa vijiji ndio wanaofuatwa kwanza na watu, twapenda kuwaeleza jambo hili kadiri tuwezavyo.

Kwanza yafaa tuujue mto wenyewe. Bonde la Rufiji ni kubwa mno, yapata kilomita za mraba 177,000, karibu sehemu moja katika tano ya Tanzania Bara. Maji ya Kilombero peke yake ni yapata asilimia 62 ya maji yote ya mto, ya Luwegu asilimia 18, na ya Ruaha Mkuu asilimia 15. Maana yake ni hii: mvua inayowagharikisha watu wa Muhoro, au wa visiwa vya delta, aghalabu hainyeshi kwao. Hunyesha Morogoro, Iringa, Mbeya na Ruvuma. Mtu aweza kulala usiku wa nyota tele, akaamka maji yamo kizingitini. Basi habari kutoka juu ya mto, ikifika mapema, ni msaada kama unga ulivyo msaada. Nayo ina gharama yake: kuna vipimo vya maji, kuna watu wa kuvisoma, kuna Bodi ya Maji ya Bonde la Rufiji yenye makao yake Iringa, na yote hayo hulipwa kwa fedha za umma.

Mgeni akiyaona maji hayo husema, "Mbona watu hawa hawahami?" Hajui kwamba mafuriko ya kiasi ndiyo yanayoleta rutuba. Mpunga hukua pamoja na maji, na maji yakiisha kupungua watu hupanda mlau katika tope lenye unyevu, mahindi na kunde, bila kungoja mvua nyingine. Ndiyo sababu mkulima wa bondeni hujenga dungu lake juu ya nguzo, akakaa humo kulinda shamba na nguruwe na ndege. Mwaka 1968 maji yalikuwa makubwa, na Serikali ikawahamisha watu kutoka bondeni hata nchi ya juu, katika kazi iliyojulikana kwa jina la Operesheni Rufiji, mpaka mwaka 1969. Nyumba zilihama, lakini mashamba hayakuweza kuhama. Watu wakarudi bondeni kulima, wengine kwa mwendo mrefu. Kwa hiyo kila mpango wa kuhamisha watu usioeleza watalima wapi hulipiwa mara mbili, kwanza kuwahamisha, kisha kuwalisha.

Sasa liko Bwawa la Julius Nyerere, mahali palipoitwa zamani Stiegler's Gorge. Jiwe la msingi liliwekwa mwaka 2019, maji yakaanza kujazwa tarehe 22 Desemba 2022, na umeme wa kwanza ukatoka mwaka 2024. Mkataba wake ulikuwa wa shilingi zaidi ya trilioni 6.5, fedha za Watanzania wenyewe, na mashine zake 9 zimejengwa kutoa megawati 2,115. Kabla ya kujengwa, watu waliambiwa mara nyingi kwamba bwawa litazuia mafuriko. Neno hili ni kweli kwa nusu. Bwawa lina tumbo la mita za ujazo bilioni 33 hivi, lakini tumbo likijaa, maji yanayoingia hayana budi kutoka. Tena kazi zake mbili zapingana. Umeme wataka bwawa lijae, kinga ya mafuriko yataka bwawa liwe na nafasi tupu kabla ya masika. Ni nani anayeamua nafasi hiyo iwe kubwa kiasi gani, na mwezi gani? Hilo nalo ni jambo la kutolewa hesabu, ingawa si hesabu ya shilingi.

Katika masika ya 2024 jambo hili lilionekana. Mvua za El Nino zilikuwa nyingi katika nchi nzima, na tarehe 25 Aprili 2024 Kassim Majaliwa, Waziri Mkuu wa wakati ule, aliliarifu Bunge kwamba watu 155 walikuwa wamekufa na watu wapatao 200,000 wamepatikana na maafa hayo. Rufiji na Kibiti zilikuwa miongoni mwa wilaya zilizoumia sana. Nyumba zilizama na mashamba yakapotea. Wananchi wengi walisema maji yaliyofunguliwa bwawani ndiyo yaliyowagharikisha. Serikali ilijibu kwamba bwawa lilikuwa limepunguza mafuriko, na lau lisingalikuwako yangalizidi. Twaona ubishi huu hauishi kwa kupaza sauti. Ungalikwisha kama kila kijiji kingalibandikiwa hesabu ya kila siku: maji kiasi gani yameingia bwawani, kiasi gani yametoka, na yatafika Mkapa na Muhoro baada ya siku ngapi. Mwalimu wa darasa la tano aweza kuwafundisha wanafunzi wake kuisoma.

Tuje kwenye fedha. Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022 imeweka kamati za maafa tangu taifa hata kijiji, na Mfuko wa Taifa wa Usimamizi wa Maafa. Kijiji huhesabu madhara, taarifa hupanda katani, wilayani, mkoani, hata Ofisi ya Waziri Mkuu, na msaada hushuka kwa ngazi zile zile. Lakini liko jambo ambalo wengi hawalifikiri. Mwaka wa fedha wa Serikali huanza tarehe 1 Julai na kwisha tarehe 30 Juni. Mto hufurika Machi hata Mei, ambapo robo tatu za mwaka huo zimekwisha kupita na mafungu mengi ya halmashauri yamekwisha kutumika. Basi fedha hutafutwa kwa haraka katika mafungu mengine, na fedha ya haraka ndiyo inayohitaji daftari kuliko zote. Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari.

Orodha ya waathirika ndiyo mzizi wa ugomvi mwingi, nasi twaomba wasomaji waiangalie kwa makini. Je, ni nani aliyeathirika? Liko jibu rahisi, yule ambaye nyumba yake imeanguka. Lakini katika Rufiji mtu aweza kuwa na nyumba salama nchi ya juu, na dungu na shamba la mpunga bondeni. Nyumba imesimama, chakula cha mwaka kimekwenda na maji. Akiandikwa, jirani yake husema amependelewa; asipoandikwa, watoto wake hulala njaa. Tena mwanamume mwenye wake wawili ana majiko mawili: ni kaya moja au mbili? Mtendaji wa kijiji hawezi kuyakata haya peke yake kalamu ikiwa mkononi na lori likingoja. Kanuni ikubaliwe mapema katika mkutano mkuu wa kijiji, tena wakati wa kiangazi, watu wakiwa na moyo mtulivu. Kisha majina na vipimo vibandikwe ukutani kabla ya kugawa, si baada.

Katika delta ya Kibiti iko shida zaidi. Chakula hakiendi kwa lori, huenda kwa boti kutoka Nyamisati na bandari nyingine ndogo, kwa kungoja maji kujaa. Gunia moja hugharimu zaidi kufika kisiwani kuliko kufika kijiji cha barabarani, nalo si kosa la mtu. Lakini mafuta ya boti ni jambo gumu kukagua, maana mafuta yakiisha kuungua hayaonekani. Daftari la safari, lenye siku, shehena, nahodha, lita, na sahihi ya mpokeaji kisiwani, humlinda hata mtumishi mwaminifu asisingiziwe.

Tusidhani mashaka ya watu ni uvumi mtupu. Baada ya tetemeko la Kagera la tarehe 10 Septemba 2016, maofisa wawili wa Serikali waliondolewa kazini kwa madai ya kufungua akaunti ya benki yenye jina sawa na ile ya kamati ya maafa. Kisha ukazuka ubishi mwingine: watoaji wengi walidhani michango yao ingejenga nyumba za watu, lakini Serikali ikaamua kutengeneza kwanza shule na majengo mengine ya umma. Huenda uamuzi huo ulikuwa wa busara. Ila mtoaji na mpokeaji walipaswa kuambiwa tangu siku ya kwanza.

Mkaguzi yuko. Katiba, katika ibara ya 143, yamweka Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, naye humpa Rais taarifa yake mwishoni mwa Machi, kisha hupelekwa Bungeni. Lakini tazameni kalenda. Fedha zilizotumika Aprili 2024 ni za mwaka uliokwisha Juni 2024, na taarifa yake ilitoka Machi 2025, wakati masika mengine yamekwisha kuanza. Ukaguzi huo ni wa lazima na una nguvu, ila huja baada ya mwaka mzima, wala hausomi orodha ya kila kitongoji.

Ulio karibu ni mkutano mkuu wa kijiji, ambao hukutana kila miezi mitatu, na ambamo mapato na matumizi yapasa kusomwa. Humo mwananchi ana haki kuuliza: magunia mangapi yalipokewa, tarehe gani, na stakabadhi ziko wapi. Twaongeza swali moja ambalo mara chache husikika, nalo ni la mbegu. Mbegu ya mlau yatakiwa mkononi mwa mkulima maji yanapoanza kupungua, Mei au Juni, tope likiwa bado laini. Ikifika Agosti, hati zake zaweza kuwa safi kabisa na mkaguzi asione kosa, lakini ardhi imekwisha kupasuka. Kwa hiyo katibu wa mkutano asiandike kilo tu katika daftari lake; aandike na siku mbegu ilipoombwa, na siku ilipofika.