Kabla Kikundi Hakijanunua Trekta Dogo

Siku hizi katika vijiji vya Kibakwe maneno ya trekta dogo yanasikika sana. Vikundi vinaweka akiba na vingine vinataka kukopa. Neno lenyewe ni zuri. Mvua zetu ni za msimu mmoja tu, kuanzia Desemba hadi Aprili, na mwenye kuchelewa kulima huvuna mabua. Lakini trekta likichaguliwa vibaya, kikundi hubaki na deni na chuma kimesimama chini ya mti. Kwa hiyo tumeona tulieleze jambo hili polepole, mtu asome na mwenzake asikilize.

Tuanze na jirani zetu wa Kongwa, maana yaliyotokea pale yanatuhusu. Mwaka 1947 Serikali ya Uingereza ilianza pale mradi mkubwa wa karanga. Walikusudia kufyeka na kulima ekari 150,000 katika mwaka wa kwanza. Matrekta yaliletwa kwa meli, mengi yakiwa yamekwisha kutumika vitani, na hata vifaru vya vita viligeuzwa kuwa matrekta. Mwaka wa kwanza ulipokwisha, zilikuwa zimepandwa ekari 7,500 hivi tu. Januari 1951 mradi ukafutwa, baada ya kumeza pauni milioni 36 hivi.

Kwa nini? Siyo kwamba matrekta yale yalikosa nguvu. Nguvu yalikuwa nayo. Lakini udongo wa Kongwa ukikauka unakuwa kama saruji, tena una mchanga mkali unaokula chuma kama tupa. Vichaka vilikuwa na mizizi mirefu, na mibuyu haikutaka mchezo. Mashine ziliharibika, spea hazikutosha, madereva wengi hawakuwa wamefundishwa vizuri. Na kubwa zaidi, mashine zilinunuliwa kwanza, udongo ukaangaliwa baadaye.

Sisi tufanye kinyume chake. Tuangalie shamba kwanza.

UDONGO WAKO NI UPI?

Mashamba ya Kibakwe hayafanani. Yako ya udongo mwekundu wenye mchanga. Yako ya mfinyanzi mweusi bondeni, unaonata mvua ikinyesha na kupasuka nyufa kiangazi. Na yako ya miteremko, kuelekea milima ya Rubeho. Mashine inayofaa shamba moja yaweza kushindwa katika shamba la pili.

Chukua mfano wa pawatila, yaani ile trekta ya magurudumu mawili ambayo mtu huishika mikono na kutembea nyuma yake. Baada ya mwaka 2009, wakati wa Kilimo Kwanza, pawatila nyingi zililetwa nchini. Mashine hii asili yake ni mashamba ya mpunga ya Asia, yenye tope laini. Katika mashamba ya maji na bustani za vitunguu, kama kule Lumuma, inaweza kufanya kazi nzuri. Lakini ipeleke mwezi wa Novemba katika udongo mwekundu uliokauka, utaona inarukaruka juu ya ardhi na mikono inakufa ganzi. Visu vyake vikikuta kisiki vinavunjika. Tena kumbuka miguu yako: kama inalima upana wa sentimita 60, utatembea karibu kilometa 7 kwa kila ekari moja.

Trekta dogo la magurudumu manne ni jambo jingine. Tunasema la nguvu za farasi 20 hadi 35. Nguvu moja ya farasi ni sawa na kuinua mzigo wa kilo 75 kwa mita moja katika sekunde moja. Muuzaji atakutajia nguvu hizo kwa sauti kubwa. Wewe mwulize pia uzito. Trekta huvuta kwa kushika ardhi, na kinacholifanya lishike ni uzito wake na matairi yake. Injini kali katika mwili mwepesi itazungusha magurudumu tu na kuchimba mashimo. Kwa udongo wetu tunashauri trekta lisilopungua tani moja, na magurudumu yote manne yawe yanasukuma, siyo ya nyuma peke yake. Uzito unaweza kuongezwa kidogo kwa kujaza maji katika matairi ya nyuma. Mafundi wanajua kazi hiyo.

KUFYEKA NA KUNG'OA

Wengi wanadhani trekta likifika msituni, watu watakaa kivulini. Hapana. Trekta dogo haling'oi mti. Kazi ya kwanza bado ni ya panga na shoka. Likifungwa mashine ya kufyeka, ile inayozungushwa na shafti ya nyuma, litamaliza nyasi ndefu na vichaka laini vya unene wa kidole gumba au kuzidi kidogo. Hiyo ndiyo faida yake kubwa katika kutunza shamba: vichaka vinavyochipua kila mwaka vinakatwa kabla havijawa miti.

Hapo linakuja suala la visiki. Tunaomba msomaji asome sehemu hii mara mbili.

Mtu hufunga mnyororo kwenye kisiki, upande wa pili anaufunga juu nyuma ya trekta, kisha anaachia klachi kwa nguvu. Kisiki kinagoma. Magurudumu ya nyuma yameshika ardhi, hayawezi kuzunguka. Nguvu ya injini haina pa kwenda, basi inainua mbele ya trekta. Trekta linasimama kama punda aliyekasirika, linapinduka kinyumenyume na kumlalia dereva. Haya yote huchukua chini ya sekunde mbili. Hakuna dereva hodari wa kuwahi hapo.

Mnyororo ufungwe chini, kwenye chuma cha kuvutia kilicho chini kuliko mhimili wa magurudumu ya nyuma. Usifungwe juu hata siku moja. Kisiki kichimbuliwe kwanza, mizizi ya pembeni ikatwe kwa shoka, ndipo trekta livute polepole kwa gia ndogo, na watu wasimame mbali kwa kuwa mnyororo ukikatika unapiga kama mjeledi. Kisiki kikubwa cha mgunga mwachie mchwa. Lima kwa kukizunguka miaka miwili mitatu, kitaoza chenyewe.

Kwa sababu hiyo hiyo, trekta mtakalochagua liwe na chuma kile imara kinachosimama nyuma ya kiti, juu ya kichwa cha dereva, pamoja na mkanda. Likipinduka, chuma kinabeba uzito na mkanda unamzuia dereva asitupwe nje. Kama chuma hakipo, mkanda usifungwe, maana utamfunga mtu chini ya mzigo. Matrekta madogo yaliyotumika ya kutoka Japani mara nyingi hayana chuma hiki. Ni rahisi kwa bei, lakini mengi yalitengenezwa kwa mashamba tambarare ya mpunga ya huko kwao, maandishi yake ni ya Kijapani, na spea zake ni tabu kuzipata. Sisi wenye miteremko tusivutwe na bei tu.

Na watoto wasipande juu ya matairi. Kiti ni kimoja, mtu ni mmoja.

VUMBI, MIBA NA SPEA

Adui wa injini hapa kwetu ni vumbi. Injini inavuta hewa nyingi, na vumbi likipita linakwangua ndani kama ule mchanga wa Kongwa. Angalia kama chujio la hewa linafunguka kwa urahisi, kwa sababu wakati wa kulima lazima likaguliwe kila siku. Radieta nayo huziba kwa nyasi, hasa wakati wa kufyeka.

Adui wa pili ni miba ya migunga. Mwulize muuzaji kama matairi ni magumu, ya tabaka nyingi, na kama tairi la namna hiyo linapatikana Mpwapwa au Dodoma mjini.

Ndipo uulize spea. Usiulize "Zipo?" maana atajibu zipo. Nenda mwenyewe dukani, siku nyingine, uombe chujio la dizeli, sahani ya klachi na mkanda wa feni wa trekta hilo. Vikikosekana vyote vitatu, funga safari urudi nyumbani na fedha zako. Ulizia pia kama trekta la aina hiyo limepimwa na CAMARTEC, kituo cha Arusha kilichoundwa mwaka 1981, ambacho kazi yake mojawapo ni kupima zana za kilimo. Ombeni kuiona karatasi ya majaribio hayo.

ARDHI ISITUKIMBIE

Miaka ya 1930 watafiti wa Mpwapwa walipima maji ya mvua yanayokimbia juu ya ardhi. Penye ardhi tupu, karibu nusu ya mvua ilikwenda zake pamoja na udongo. Penye nyasi, maji yaliyokimbia yalikuwa kidogo sana. Wazee wetu wa kuberega hawakukatua ardhi, lakini walichoma na kuiacha wazi. Trekta linaweza kuiacha wazi zaidi tena kwa haraka. Kwa hiyo lima kwa kukingama na mteremko, usilime kutoka juu kwenda chini. Acha ukanda wa nyasi. Lakini penye mteremko mkali usiende na trekta kabisa, kwa kuwa ukilima kwa kukingama litapinduka kwa ubavu. Hapo ni mahali pa maksai au jembe la mkono.

Kando ya mto acheni mita 60, ndivyo inavyosema Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004. Na kabla ya kufyeka msitu, pitieni kwanza serikali ya kijiji.

HESABU

Wenye daftari walitoe. Trekta la nguvu 25 linavuta plau ya sahani mbili, upana sentimita 50, mwendo wa kilometa 4 kwa saa. Mita 4,000 mara nusu mita ni mita za mraba 2,000 kwa saa. Toa sehemu moja ya tano ya kugeuza na kusimama. Zinabaki 1,600. Ekari moja ni mita za mraba 4,000 na kidogo. Basi ekari moja inachukua saa mbili na nusu, na siku nzima ni ekari tatu. Mafuta, tuseme lita 4 kwa saa, ni lita 10 kwa ekari.

Kikundi cha watu 12 wenye ekari tano tano kina ekari 60. Hizo ni siku 20 za kazi na lita 600 za dizeli, kama halikuharibika. Mwaka una siku 365. Siku nyingine zote trekta litakula nini? Ndiyo maana tela ni kitu cha lazima, la kubeba mazao, maji na matofali kwa malipo.

Sasa ninyi malizeni. Chukueni bei ya dizeli ya leo, zidisheni kwa 600. Ongezeni posho ya dereva, matengenezo, na fedha ya deni kwa mwaka. Jumla igaweni kwa 60. Jibu ni gharama ya kulima ekari moja kwa trekta lenu. Liandikeni ubaoni, pembeni yake andikeni bei ya kukodi trekta la jirani kwa ekari, na ya maksai pia, kisha mkutano uanze.