Karatasi ya Damu ya Mgonjwa wa Saratani ya Tumbo

Familia nyingi zenye mgonjwa wa saratani ya tumbo huishika karatasi ya majibu ya damu bila kujua inasema nini. Wengine wakisikia tu kuwa "damu yake ina alama mbaya", nyumba nzima hukata tamaa. Safari ya Dar es Salaam huahirishwa na fedha za korosho hupelekwa kwingine. Tuangalie basi alama hizo ni kitu gani.

Mtu akijikata na panga shambani, jeraha huvimba, hupata joto na kuuma. Hapo mwili umepeleka askari wake. Hali hiyo tuiite mwako. Saratani nayo huleta mwako, ila wa ndani na usiokoma. Mjerumani Rudolf Virchow aliona tangu mwaka 1863 kwamba ndani ya uvimbe wa saratani mna chembe nyeupe za damu. Kwa tumbo jambo hili liko wazi zaidi, kwani mara nyingi ugonjwa huanzia kwa bakteria aitwaye Helicobacter pylori, ambaye hukaa kwenye ukuta wa tumbo na kuuchokoza kwa miaka mingi. (Wengi wanaye na hawapati saratani.)

Sasa tuje kwenye karatasi. Katika picha kamili ya damu kuna aina mbili za chembe nyeupe za kuangalia. Nyutrofili huongezeka wakati wa mwako, na baadhi ya kemikali zake husaidia uvimbe kuota mishipa ya kujilisha. Limfosaiti ndizo zinazoishambulia saratani. Daktari hugawa za kwanza kwa za pili: mwenye nyutrofili 6.0 na limfosaiti 1.5 anapata 4. Tafiti nyingi, hasa za Japani, China na Korea, zimeona kuwa wenye uwiano mkubwa kabla ya matibabu huishi, kwa wastani, muda mfupi kuliko wenye uwiano mdogo.

Alama nyingine ni protini mbili za ini. CRP hupanda wakati wa mwako, na albumini hushuka. Madaktari wa Glasgow, Uingereza, waliziunganisha mwaka 2003 kwa wagonjwa wa saratani ya mapafu, kisha zikatumika kwa tumbo. CRP ikizidi miligramu 10 kwa lita na albumini ikiwa chini ya gramu 35, hiyo ndiyo alama nzito kuliko zote.

Lakini tahadhari. Mwako hauletwi na saratani peke yake. Mgonjwa wa Msimbati au Kilambo anaweza kuwa na malaria, kichocho au kifua kikuu, na namba zikavurugika. Dawa za steroidi nazo hupandisha nyutrofili. Isitoshe, watu wengi wa asili ya Afrika wana nyutrofili chache tangu kuzaliwa bila ugonjwa wowote, kwa hiyo mipaka iliyopimwa Asia haifai kuchukuliwa hivi hivi Mtwara.

Tena wastani ni habari ya kundi. Haimwambii mzee wako atafika lini, na ajali ya mtu anaijua Allah peke yake. Kinachopima zaidi ni hatua ya ugonjwa: umeishia ukutani mwa tumbo, au umefika kwenye tezi na ini?

Faida ya namba hizi ni nyingine. Albumini ikiwa chini, muulize daktari: je, kuna maambukizi ya kutibu kwanza? Apewe lishe gani kabla ya upasuaji? Mayai, samaki, kunde na uji mzito, kidogo kidogo mara nyingi kwa siku, humsaidia anayeshiba haraka. Kumlisha uji mwepesi mtupu wiki nzima ni kumdhoofisha.

Na picha ya damu haigundui saratani. Hiyo ni kazi ya endoskopi, yaani kamera nyembamba inayopitishwa mdomoni, na kipande cha nyama kinachopelekwa maabara. Anayekonda bila sababu, anayetapika damu, anayepata choo cheusi kama lami au anayekwama chakula, asiendelee kununua dawa za vidonda vya tumbo dukani. Dawa za kupunguza asidi zinaweza kutuliza maumivu huku saratani ikikua. Aende Ligula au Hospitali ya Kanda ya Kusini, Mitengo, aeleze dalili zote na aombe ushauri kuhusu kipimo hicho.